Miche ya tufaha ya mizizi mitupu: namna ya kuitunza tangu inapong'olewa hadi siku ya kupanda

Mche wa tufaha uliolala, yaani uliosimama kukua wakati wa baridi, hauna mvuto. Ni fimbo ya kijivu au ya kahawia, urefu wa mita moja hivi, haina jani hata moja, na mizizi yake iko nje bila udongo. Asiyejua anaweza kuutia jikoni. Lakini hakuna mche rahisi kusafirisha kama huu. Miche hamsini ya viriba inahitaji pikapu, ilhali miche hamsini ya mizizi mitupu inafungwa bunda na kubebwa begani.

Shida iko kwenye kalenda. Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mufindi na Njombe hadi Makete, matufaha, mapichi, peasi na plamu hulala kwenye baridi ya Juni hadi Agosti, na huo ndio wakati wa kung'oa miche kitaluni. Mvua huanza Novemba, na mwaka mbaya husogea hadi Desemba. Hapo katikati kuna jua kali la Septemba na Oktoba na upepo mkavu usiomhurumia mtu. Kwa wenzetu wa Lushoto, au wa Limuru na Molo kule Kenya, pengo ni fupi kwa sababu vuli huwahi kidogo, lakini nao wanalo.

Miche mingi inayofia mikononi mwa wakulima huuawa na mambo mawili: mizizi kukauka, au mche kuamka kabla haujapata ardhi. Kungoja kwenyewe hakuui.

Kabla ya kuagiza

Ikiwa una maji ya uhakika shambani, usihifadhi miche kabisa. Chimba mashimo Juni, pokea miche Julai au Agosti, ipande ikiwa imelala na uimwagilie hadi mvua ije. Hifadhi nzuri kuliko zote ni shimo lake la kudumu. Yanayofuata ni kwa ambaye maji hayatoshi, shamba halijawa tayari, au miche imefika kabla ya wakati.

Muulize mwenye kitalu maswali mawili. La kwanza: miche itang'olewa lini? La pili: je, majani yameshaondolewa? Huku kwetu baridi si kali kama ya Ulaya, hivyo mti wa tufaha mara nyingi haumwagi majani yote wenyewe. Kitalu kinachojua kazi yake huyapukuchua kwa mkono wiki mbili tatu kabla ya kung'oa. Mche uliong'olewa ukiwa na majani mabichi bado uko macho: majani yanaendelea kutoa maji hewani wakati mizizi haina pa kuyapata. Huo usiununue kwa bei yoyote.

Ukiagiza kutoka nje ya nchi, anza na karatasi. Tanzania unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), Kenya ni KEPHIS, shirika lao la ukaguzi wa afya ya mimea, na mzigo uje na cheti cha afya ya mimea cha nchi ulikotoka. Kibali kipatikane kabla mzigo haujaondoka. Angalia pia majira. Afrika Kusini baridi yao inalingana na yetu, kwa hiyo miche inayong'olewa kule Juni hadi Agosti inafika ikiwa kwenye mwendo mmoja na ardhi yetu. Ya Ulaya hulala Novemba hadi Machi. Ikishuka Njombe mwezi Januari inakuta joto na mvua, na itaamka siku hizo hizo. Hiyo si ya kuhifadhi, ni ya kupanda mara inapofika.

Hatua ya 1: Andaa mahali pa kuilaza kabla haijafika

Ukianza kuchimba mtaro huku mabunda yako juani, umeshachelewa. Siku moja kabla, hakikisha una:

- mtaro uliochimbwa mahali penye kivuli;
- magunia matatu manne ya maranda au vumbi la mbao lililoloweshwa jana yake;
- pipa au ndoo kubwa za maji;
- magunia ya katani au matambara ya kufunikia mizizi;
- mkasi mkali wa kupogolea;
- vibandiko vya majina, na penseli.

Penseli naisema kwa makusudi. Wino wa kalamu za alama hufifia kwa jua na maji, lakini penseli ya kawaida juu ya kipande cha plastiki kilichokwaruzwa kidogo husomeka msimu mzima. Miche ya Anna na ya Dorset Golden ikiwa imelala huwezi kuitofautisha kwa kuitazama, na aina hizi mbili hupandwa pamoja ili zipeane chavua. Zikichanganyika utajikuta umepanda Anna tupu upande mmoja wa shamba, na utaligundua hilo miaka miwili mitatu baadaye, wakati wa maua.

Kuhusu maranda: kwa wanaokaa karibu na viwanda vya mbao vya Mufindi na Njombe, hayo hayana bei. Ya msindano yanafaa. Ya mbao iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza usiyaguse. Usitumie pia samadi mbichi wala mboji ambayo bado inachemka, kwa sababu joto lake litaiamsha miche na kuozesha mizizi.

Hatua ya 2: Safari

Miche mingi huumia njiani. Inapofungwa kitaluni, mizizi ifunikwe kwa maranda au magazeti yaliyolowa, halafu izungushiwe plastiki na kufungwa kamba. Plastiki iishie kwenye shina, isifunike matawi. Mche wote ukiwa ndani ya nailoni unapata joto na ukungu.

Kwenye basi, bunda lisiwekwe sehemu ya buti iliyo karibu na injini, na lisifungwe juu ya paa bila turubai. Mwambie kondakta ni miche hai, maana akiona fimbo ataitupia popote. Kipande cha mwisho kutoka stendi hadi nyumbani ndicho hatari zaidi, hasa kwa bodaboda. Upepo wa mwendo hukausha vijizizi vyembamba kwa dakika chache tu, na hivyo vyembamba ndivyo vinavyonyonya maji. Lowesha gunia, funga mizizi yote, kisha ndipo upakie.

Hatua ya 3: Fungua na ukague siku hiyo hiyo

Fungulia bunda kivulini, pasipo upepo. Kwanza nusa. Mizizi mizima hunukia udongo au mbao mbichi. Harufu ya uchachu au ya kitu kilichooza ina maana bunda lilipata joto.

Kisha shika mzizi mmoja wenye unene wa penseli na uupinde taratibu. Mzima hupinda bila kuvunjika, na ukiukata ncha utaona ndani ni mweupe au wa rangi ya maziwa, na una unyevu. Uliokufa hukatika kama kijiti na ndani ni kahawia. Mche wenye mizizi michache iliyovunjika si tatizo. Mche ambao mizizi yote ni kahawia ndani ni wa kurudisha.

Halafu kwaruza gome la shina kwa ukucha, mahali padogo tu, karibu na ncha. Ukiona kijani kibichi, mche uko hai. Ukiona kahawia, shuka chini sentimita kumi na ukwaruze tena. Ncha kufa peke yake si msiba kwa sababu utaikata wakati wa kupanda. Lakini kukiwa na kahawia hadi karibu na kiungo, pale ulipobebeshwa (tawi la aina unayoitaka lilipounganishwa na shina la chini lenye mizizi), mche huo umekwenda. Chini ya kiungo kunaweza kuwa bado kuna uhai, ila kitakachochipua hapo ni shina la chini, wala si tufaha ulilolipia.

Tazama mambo mawili zaidi na usiwe na huruma. Uvimbe wenye mabonge kama ya koliflawa kwenye mizizi au shingo ya mche ni ugonjwa wa bakteria. Hauna tiba, na hubaki kwenye udongo wa shamba lako miaka mingi. Pamba nyeupe nyeupe kwenye mikunjo ya gome au mizizini ni vidukari sufu vya tufaha. Miche ya namna hii haiwekwi mtaroni pamoja na mingine. Piga picha, mpigie muuzaji, kisha ichome moto.

Mwisho angalia macho, yaani vifundo vidogo kwenye tawi ambako majani huchipua. Jicho lililolala limebana, dogo, limelala kwenye tawi. Jicho lililovimba na kuonyesha ncha ya kijani au ya kijivu yenye manyoya lina habari nyingine: mche huo umeshaanza safari. Utenge, upande kwanza.

Hatua ya 4: Nywesha

Tumbukiza mizizi kwenye maji safi ya baridi kwa saa moja au mbili. Kama safari ilikuwa ndefu na gome limeanza kusinyaa, iache usiku kucha, lakini isipite saa 24. Mizizi nayo inahitaji hewa, na ikikaa majini siku mbili tatu huanza kufa. Nimesikia watu wakishauri kuitunza miche kwenye pipa la maji hadi mvua ije. Ni njia ya uhakika ya kupata fimbo zilizooza.

Wakati huu kata ncha za mizizi iliyovunjika au kuchanika, kwa mkasi mkali, pale tu palipoharibika. Usipogoe matawi sasa, ngoja siku ya kupanda.

Hatua ya 5: Chagua namna ya kuilaza

*Siku chache, isizidi wiki.* Acha miche kwenye bunda lake, mizizi ndani ya maranda yenye unyevu, uweke kwenye chumba chenye giza na ubaridi: ghala la ukuta wa tofali, upande usiopigwa jua. Si jikoni, na si stoo yenye paa la bati bila dari. Fungua kila baada ya siku mbili uone unyevu. Ukifinyanga maranda kwenye ngumi, yashikane na kuacha kiganja kibichi bila kuchuruzika maji.

*Wiki kadhaa: mtaro.* Hii ndiyo njia ya wengi, nami naipendelea kuliko zote kwa sababu haitegemei umeme na inasamehe makosa madogo.

Chagua mahali penye kivuli karibu siku nzima, ardhi isiyotuama maji, karibu na nyumba ili uweze kupita kila siku. Chini ya mikaratusi hapafai, mizizi yake itakunyang'anya maji yote. Njombe na Makete jua la Julai linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini wa nyumba ndio wenye kivuli kirefu. Ikifika Oktoba jua limesogea juu kabisa na kivuli kile kinakatika. Weka neti ya kivuli au nyasi juu ya fito kuanzia Septemba.

Chimba mtaro wa kina cha sentimita 40 na upana kama huo. Upande mmoja uwe wima, wa pili uwe mteremko. Laza miche kwenye mteremko, ikiinama kama nyuzi 45. Kulaza kunapunguza upepo kwenye matawi na kunarahisisha kufunika shingo.

Fungua mabunda. Hapa ndipo uvivu unapogharimu: bunda la miche ishirini likitiwa mtaroni lilivyofungwa, udongo haufiki katikati, na miche ya ndani inakauka huku ya nje ikiwa salama. Panga miche mstari mmoja, mizizi isiyokandamizana, kila aina na kibandiko chake mwanzo na mwisho wa safu. Jaza mchanga uliochanganywa na udongo, au maranda yenye unyevu, hadi sentimita 10 juu ya mzizi wa juu kabisa. Kiungo kikizikwa kwa wiki chache hakina shida, mradi ukumbuke kukitoa nje wakati wa kupanda. Mwagilia taratibu hadi udongo ushuke na kujaza matundu, ongeza udongo, shindilia kwa kiganja wala si kwa buti. Juu weka nyasi kavu au majani ya migomba, unene wa sentimita 10 hivi.

Sakitu ya Julai, yaani umande unaoganda usiku, usiiogope sana. Matawi yaliyolala yanavumilia baridi ya kule vizuri, na mizizi iliyofunikwa haifikiwi. Sakitu inaua mche ulioanza kuchipua, na mizizi iliyoachwa wazi usiku.

*Zaidi ya hapo: chumba cha baridi.* Kama upo ushirika wenye chumba cha kuhifadhia mboga au maua, miche iliyolala inaweza kukaa humo miezi miwili, hata zaidi, kwenye nyuzi joto 1 hadi 4 na unyevu mwingi hewani. Mizizi iwe ndani ya maranda yenye unyevu, na mfuko wa plastiki uliotobolewa matundu machache. Sharti moja lisilo na mjadala: chumba hicho kisiwe na matunda yanayoiva. Matufaha, maparachichi na ndizi hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huua macho ya miche bila dalili yoyote ya nje. Utaipanda, itakaa na gome la kijani, na haitachipua. Kwa sababu hiyo hiyo friji ya nyumbani, ambayo daima ina embe au tufaha pembeni, ni mahali pa wasiwasi.

Tena ubaridi nao una hesabu yake. Miti hii huhesabu saa ilizopitia chini ya nyuzi 7 hivi, na ikitimiza kiwango chake husubiri joto tu. Anna, iliyozalishwa Israeli, inatosheka na saa 200 hadi 300. Dorset Golden, asili yake Bahama, inatosheka na chache zaidi. Kwa ajili hiyo zinazaa katika milima yetu ambako tufaha za Ulaya zinazohitaji saa elfu moja hukaa tu. Sifa hiyo hiyo inazifanya zisiwe wastahimilivu ghalani. Chumba cha baridi kinazitimizia saa zake, na ukizitoa zinaamka kwa pupa. Kwa hiyo usizitoe hadi mashimo yawe tayari na mvua, au maji, yawe yamehakikishwa.

Hatua ya 6: Pita kila wiki

Ingiza kidole mtaroni hadi kifundo cha pili. Kukiwa kukavu, mwagilia. Kukiwa na tope, punguza, na uchimbe njia ya maji kutoka. Kwa kawaida mara moja kwa wiki inatosha Julai, na mara mbili au tatu Oktoba.

Panya hupenda kujificha chini ya matandazo na kuguguna gome. Acha nafasi ya wazi ya upana wa mkono kati ya nyasi na mashina, na uweke mitego. Fuko ni adui mwingine, anakuja kwa chini na kula mizizi yote, wewe unaona mche umesimama tu. Ukiona tuta jipya la udongo karibu na mtaro, hamisha miche siku hiyo hiyo. Mchwa nao hufuata maranda, kwa hiyo waangalie kila unapopita.

Ukungu mweupe juu ya maranda au gome, ukifutika kwa kitambaa na chini yake gome likiwa gumu, si hatari. Ongeza hewa. Gome likiwa laini na likibonyea, kata au tupa.

Tazama macho kila mara. Mapichi na plamu huamka kwanza, peasi na matufaha hufuata. Kwa hiyo ukiwa na mchanganyiko, panga mtaro ili mapichi yawe mwanzoni, yatoke kwanza bila kuisumbua mingine.

Hatua ya 7: Ikiamka kabla ya mvua

Itatokea, hasa ukifika mwisho wa Septemba. Macho yakivimba usiirudishe kwenye baridi ukidhani italala tena. Una njia mbili. Kama unaweza kupata lita 10 za maji kwa mche mara mbili kwa wiki, panda sasa na uweke matandazo mazito. Kama huwezi, hamishia kwenye viriba vikubwa, vya lita 10 au zaidi, vyenye udongo wa msituni na mchanga, uviweke chini ya neti na kuvimwagilia. Mvua ikishika, panda na udongo wake wote. Ni kazi ya ziada na gharama ya viriba, lakini mche uliokwisha kutoa majani kisha ukang'olewa mtaroni bila udongo hauna nafasi kubwa ya kupona.

Ukitoa mche mtaroni ukaona vijizizi vipya vyeupe, usivitikise. Beba na udongo ulioshikana navyo.

Hatua ya 8: Siku ya kupanda

Chagua siku ya mawingu, au anza saa kumi jioni. Toa mtaroni miche ya nusu saa ya kazi tu. Iliyobaki ibaki imefunikwa. Ile uliyotoa itembee shambani ndani ya ndoo yenye maji kidogo, gunia bichi juu yake. Kumwaga miche kando ya kila shimo kwanza, kisha kurudi kupanda mmoja mmoja, ni mazoea niliyoyaona kwenye mashamba mengi, na mche wa mwisho unakuwa umeanikwa saa nzima.

Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha. Weka kichuguu kidogo cha udongo katikati, tandaza mizizi juu yake ikielekea pande zote, na uangalie kiungo: kibaki sentimita 10 juu ya ardhi baada ya udongo kushuka. Kikizikwa, sehemu ya juu hutoa mizizi yake yenyewe, na faida ya shina la chini, kama ufupi wa mti, hupotea. Samadi iliyooza vizuri changanya na udongo wa juu. Mbolea ya chumvichumvi isiingie shimoni, inaunguza vijizizi. Mwagilia lita 15 hadi 20 hata kama mawingu yametanda, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayobananisha udongo na mizizi.

Sasa ndipo ukate kichwa. Kwa tufaha, acha shina la sentimita 70 hadi 80 juu ya ardhi, ukikata juu kidogo ya jicho zuri. Mizizi imepungua wakati wa kung'olewa, na mti wenye kichwa kirefu utadai maji kuliko inavyoweza kuleta. Paka shina chokaa ya maji au rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa nusu kwa nusu, upande wa jua hasa, maana gome changa lisilo na kivuli cha majani huungua kwenye jua la milimani.

Majani yataonekana ndani ya wiki tatu hadi sita. Mche ukichelewa, usiung'oe. Kwaruza gome kila baada ya wiki mbili, na muda wote ukiona kijani, endelea kumwagilia na kusubiri. Mbolea ya kukuzia ianze baada ya vichipukizi vipya kufika urefu wa kiganja.